Mashine ya Mama Gwalugano

Chapwa, Tunduma
4 Mei 2003

Wifi yangu Tumpale,

Salamu nyingi kutoka mpakani. Natumaini wewe na watoto hamjambo, na baridi ya Ibaba haijawazidi. Sisi huku wazima, tunakula vumbi la malori kama kawaida yetu.

Hunifahamu. Mimi ni Zakia. Nilisoma na marehemu mumeo Andongwisye chuo cha ufundi Mbeya, darasa moja, karakana moja. Nilimwita kaka, ndiyo maana nakuita wifi. Habari za msiba zilinifikia baada ya arobaini kupita, kwa Masudi, dereva wa mume wangu anayekuja kununua viazi huko. Nililia dukani mbele ya wateja. Pole sana, mama.

Sasa sikia. Mwezi wa saba chuo chetu kina tamasha la teknolojia la wanafunzi. Vijana wataonyesha vitu walivyobuni, na sisi wa zamani tumealikwa turudi na kazi zetu. Mashine ya kupukuchulia mahindi tuliyoitengeneza Andongwisye na mimi bado ipo karakana. Nasikia alitengeneza nyingine huko nyumbani. Niazime, ikae kando ya ile ya kwanza, watu wasome jina lake. Bado namwona ameinama, misumari mdomoni, ukimsemesha anajibu "mm" tu.

Lori letu litaipitia.

Wifi yako,
Zakia


Ibaba, Ileje
25 Mei 2003

Kwako Bi Zakia,

Barua yako Masudi ameifikisha. Sisi ni wazima. Gwalugano alikohoa sana, sasa ana nafuu. Maharage tumevuna, mahindi bado yanakauka shambani. Nashukuru kwa pole yako.

Umeniita wifi. Mawifi zangu ni Ferista na Elizabeti, waliokaa nami chini msibani. Katika ndoa yangu yote sikuwahi kusikia jina la Zakia. Alinisimulia habari za chuo: uji mwepesi, blanketi moja la watu wawili, mwalimu aliyekuwa akirusha chaki. Wewe hukuwemo.

Sasa mashine. Aliileta ndani mwaka ule nilipoteleza na mzigo wa mianzi nikavunjika mkono wa kulia, na mkono haukunyooka tena. Aliitengeneza kwa vyuma vya baiskeli yake mwenyewe, na tangu siku hiyo akawa mtu wa kutembea kwa miguu. Akasema, "Mama Gwalugano, hii nimekutengenezea wewe." Hakusema kwamba kulikuwa na nyingine mahali. Nimekaa nayo nikiamini ni yangu tangu mwanzo, kumbe ilikuwa na mwenyewe kabla yangu.

Na hilo la misumari mdomoni, nilidhani nalijua mimi tu.

Mahindi yanakaribia. Mashine ina kazi, haitaweza kuja.

Mama Gwalugano


Chapwa, Tunduma
11 Juni 2003

Wifi yangu (nitaendelea kukuita hivyo mpaka unikataze uso kwa uso),

Hujambo? Gwalugano amepona kifua? Nampelekea asali kidogo, apewe kijiko asubuhi. Mimi mzima, ila mume wangu Abdulswamad anaumwa jino na nyumba nzima inaumwa nalo.

Barua yako nimeisoma nikacheka, kisha nikaona haya. Ningekuwa wewe ningeandika makali kuliko hayo. Lakini usiniogope. Tulikuwa wasichana wachache mle karakana, na wavulana walikuwa wakituambia, "Dada, jikoni ni kule." Andongwisye ndiye aliyenisogezea benchi. Basi, hakuna zaidi. Tulifanya kazi pamoja, tukagombana siku moja tu, kwa ajili ya hendeli ya kuzungushia mashine. Akashinda yeye. Hiyo nitakusimulia tukionana.

Sitaki kukunyang'anya kitu. Nataka tu jina lake lisomwe mahali alipojifunza. Ukikataa tena, nitanyamaza.

Wifi yako,
Zakia


Ibaba
29 Juni 2003

Bi Zakia,

Salamu. Asali imefika, mtoto kaimaliza.

Nimefikiri. Mashine haisafiri peke yake. Nitakaa nayo nyuma ya lori mpaka huko chuoni na nitarudi nayo. Nataka kuiona hiyo karakana, na hilo benchi alilokusogezea. Na wewe nataka nikuone.

Mama Gwalugano


Ibaba
3 Agosti 2003

Zakia,

U mzima? Nauliza kwa sababu sijui. Sisi tulifika nyumbani salama kutoka tamasha, mashine haina hata mkwaruzo. Masudi alituendesha polepole kama tumebeba mayai.

Nilikuwa nimejiandaa kukuchukia. Nilivaa kitenge changu kipya makusudi. Nikakuta mwanamke mrefu wa miwani, ana makovu ya kuchomelea mikononi, amenibebea chai ya tangawizi na vitumbua, ananifuta vumbi begani mbele za watu kama mtoto wake. Ukanionyesha dirisha la karakana, pale mume wangu alipokuwa akisimama. Ulipoligusa lile dirisha nikauma meno, maana uliligusa kama mtu agusaye kitu chake.

Kisha akaja yule kijana Ezron mwenye taa yake ya jua, akaizunguka mashine yangu. Akasema, "Mama, samahani, hapa fundi alikosea. Hendeli ameiweka kushoto." Nikamwambia mashine ndivyo zilivyo. Akacheka kwa adabu, akanipeleka kwenye ile yenu ya kwanza. "Ona. Kulia. Zote huwa kulia." Nikajaribu kuizungusha. Mkono wangu ukagoma nusu ya mzunguko.

Nikasimama pale nikiuangalia mkono wangu. Nikageuka nikuambie wewe kwanza, kabla ya mtu yeyote. Hukuwepo. Chai yako ilikuwa mezani inafuka mvuke. Tulikusubiri mpaka wanafunzi wakaanza kukunja mabango yao.

Nimekukosea nini?

Mama Gwalugano


Chapwa, Tunduma
14 Septemba 2003

Tumpale,

Nisamehe kukawia. Sikuwa mgonjwa.

Hukunikosea. Nilikuahidi habari ya ugomvi wetu wa hendeli, mimi na Andongwisye, ni hii. Mimi natumia mkono wa kushoto tangu kuzaliwa. Tulipotengeneza ile mashine, mimi ndiye niliyekuwa naizungusha kuijaribu, nikamwomba: kaka, tuiweke kushoto. Akatoa misumari mdomoni akasema, "Mashine haimbembelezi mtu, dada. Mtu ndiye anajizoeza." Nikajizoeza. Nikaamini ndivyo alivyokuwa, mtu wa kanuni, na nikamheshimu kwa hilo miaka yote.

Kumbe alijua kubembeleza.

Nilipoiona hendeli yako nilitoka nje nikakaa nyuma ya matangi ya maji, mtu mzima na miwani yangu, nikiwa na wivu kwa mjane. Halafu Tumpale, nilimwita kaka kwa sababu yeye ndiye aliyeanza kuniita dada. Aliwahi. Mimi nilikuwa bado sijachagua neno.

Abdulswamad ni mume mwema, sina la kumlaumu. Hili nimekuambia wewe, na sitalirudia.

Zakia


Ibaba
28 Septemba 2003

Wifi yangu Zakia,

Hujambo, na mzee na jino lake? Sisi hatujambo. Mvua bado, ila upepo umeanza kugeuka.

Barua yako imenifurahisha, Mungu anisamehe. Niliikunja nikaiweka kifuani, nikaenda kupukuchua mahindi nikiimba, mpaka Gwalugano akauliza, "Mama, kuna harusi?" Kisha nikakukumbuka na ile chai uliyoiacha, wimbo ukaniishia.

Na mimi nikuambie langu. Hakuwahi kunisemea habari ya mkono wangu, wala ya hendeli. Aliiweka tu pale mkono wangu mzima ulipo, akaendelea na kazi zake. Mimi nikadhani mashine zote duniani ziko hivyo. Kama usingeiomba mashine mara ya pili, ningezeeka bila kujua nilichopewa. Kwa hiyo ulichonipa ni kikubwa, hata kama kilikuuma kunipa.

Lakini nitakuwa mwongo nikisema wivu umekwisha. Lile dirisha bado linanikera.

Mahindi yapo darini, mengi. Lori la viazi likija, panda. Masudi akupe nafasi mbele, njia ni mbaya. Njoo na mkono wako wa kushoto, usiufiche. Utaizungusha mpaka uchoke, hakuna atakayekuambia ujizoeze.

Tutapokezana. Mimi kwanza.

Wifi yako,
Tumpale