Jerono, Walitumia Picha Yako

Jerono,

Ungekuwepo ungeniambia nitulie kwanza, ninywe chai. Sitaki kutulia.

Mwezi uliopita nilishuka mjini kupeleka viazi, nikapitia ile ofisi ya kaunti kuchukua rasimu ya sera ya vijana. Nani yuko kwenye jalada? Wewe. Na sweta la kijani la mamako, mkono juu, mdomo wazi. Chini wameandika: "Sauti ya vijana imesikika."

Imesikika na nani?

Nilikuwa kando yako siku hiyo. Tulitoka kwetu Keringet alfajiri juu ya lori la kabichi, tukitetemeka, kwa sababu tangazo la kikao cha maoni lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi hiyo peke yake na tuliliona kwa bahati tu. Ulikuwa umeandika maoni yako kwa kalamu, kurasa mbili. Vikao viletwe huku kwa wadi, siku ya soko. Matangazo yasomwe redioni na makanisani. Na kwa kamati wawekwe vijana wanaolima, si watoto wa wakubwa tu.

Uliinua mkono asubuhi. Mwenyekiti akasema, "Msichana, kaa, utapewa nafasi." Ukainua tena. Wazee wakaongea weee, vijana na uvivu, vijana na pombe. Soda zikaletwa, kikao kikafungwa kwa maombi. Tukirudi ukaniambia, "Wairimu, wamenipiga picha mara ngapi, na hakuna mtu ameniuliza jina."

Miezi miwili baadaye homa ya mapafu ikakumaliza kwa siku nne. Nne, Jerono! Nilikuwa nakuletea uji, nikakuta mamako ameketi nje.

Sasa hiyo rasimu niliisoma yote nikiwa nimesimama kwenye kaunta. Neno lako halimo. Hata moja. Uso wako waliona unafaa, akili yako hapana. Nikalia kwa hasira mbele ya watu, mpaka karani akaniuliza, "Mathe, uko sawa?" Mathe, ati mama! Na tunalingana miaka.

Nikamuuliza maoni yanapokelewa mpaka lini. Akasema Ijumaa.

Nilienda kwa mamako kuomba zile karatasi. Alikuwa ameziweka ndani ya Biblia. Akanipa, akasema tu, "Usizikunje." Nikazinakili, nikaongeza ombi moja mwishoni: wekeni maneno yake, ama mtoe picha yake. Kikundi chetu cha viazi wote wakatia sahihi na nambari za vitambulisho, hata Kiprono aliyekuwa akikucheka ukitaja sera. Alishika kalamu muda mrefu, hakunitazama.

Ijumaa karani alitaka kuzipokea hivi hivi. Nikakataa kuondoka. Wewe ndiye uliniambia karatasi bila muhuri ni kama haijafika. Akaipiga muhuri nakala yangu, kwa nguvu, kama anaua nzi.

Unajua walifanya nini? Walitoa picha. Jalada jipya lina mti. Maneno bado hawajayaweka. Hiyo ya picha ndiyo ilikuwa rahisi kwao, na mimi ndiye niliwapa njia. Nimejilaumu kwa hilo, nisikufiche.

Lakini wiki jana walinipigia simu. Kikao kimoja kitakuja Keringet, mwezi ujao, siku ya soko. Kimoja. Nimejaribu kufurahi, nimeshindwa. Ni wewe ulifaa kushika hiyo maikrofoni, si mimi.

Mambo ya kamati ndiyo tutataja kwanza, maana ndiyo wanayoogopa. Wakitupita tena, tutaandika kwa bunge, na tutakuwa tunaenda kuuliza jibu kila wiki mpaka watuchoke.

Jumapili baada ya kanisa nafundisha wasichana wawili kuandika maoni. Mdogo, Chemutai, herufi zake ni mbaya na hajali, anaandika tu. Ana mengi ya kusema kuhusu barabara yetu na shule yake.

Lala, rafiki yangu. Nakuahidi siku hiyo ya kikao Chemutai ataongea kabla yangu, hata nikiwa natamani vipi kuanza mimi.

Wako,
Wairimu