Kabichi Ndogo Ulizoniachia

Mama Furaha, mke wangu,

Ninakuandikia kwenye meza ya cherehani. Nimesukuma pembeni abakosti ya mteja, lile koti letu la kuvaliwa bila tai, ambayo nilipaswa kuimaliza juzi. Acha angoje. Leo nina habari za bustani yako, na katika Goma nzima sijui mwingine ambaye angezisikiliza mpaka mwisho.

Tangu tukuzike, mvua zimekuja na zimepungua. Furaha amerudi shuleni, anafua nguo zake mwenyewe, na hulala na kitenge chako cha kijani. Nimejifanya sijaona. Mimi nakula ninachopewa. Watu wananiuliza kama nimezoea, nawajibu ndiyo, kwa sababu nikisema hapana wanakaa zaidi.

Tulipooana ulishuka kutoka Masisi na kopo la mbegu ulizopewa na masista wa shule yenu. Shu za Brisel, hizo kabichi ndogo zinazoota kwenye shina kuanzia chini mpaka juu. Ulisema kule milimani, kwenye baridi, zilijipanga zimekaza kama vifungo vya koti. Hapa kwetu, kwenye udongo tuliobeba kwa vikapu na kuumwaga juu ya mawe ya volkano, hazikuwahi kufunga hata msimu mmoja. Zilivimba kidogo, zikafunguka, zikawa majani matupu. Jirani alikutania kwamba, kwa kuwa Wazaire wote tumeamriwa na serikali kuacha majina ya kizungu, nazo zimegoma mpaka zipewe jina jipya. Ulicheka sana, kisha ukanigeukia mimi ambaye hata sikuwa nimefungua mdomo. "Muzee, usinichekeleye. Siku moya zitafunga."

Hizi za mwisho ulizipanda ukiwa tayari unashika ubavu kwa ule ugonjwa. Ulipumzika kwenye kila shimo, na nilipotaka kukusaidia ulinifukuza.

Siku za kwanza za matanga, wanawake waliokuwa wakipika walikosa mboga, wakaingia bustanini kwako na kuanza kuchuma majani. Nilitoka katikati ya wazee nikawapigia kelele mpaka waliokuwa wakiimba wakanyamaza. Watu walidhani uchungu umenipanda kichwani. Ni dada yako, Mama Riziki, aliyenishika mkono. "Shemeji, tulia. Majani ya chini inatoshwaka. Yeye mwenyewe alikuwa anaitosha." Basi waombolezaji wakala hayo majani ya chini, ambayo hata wewe uliyachuma, na mashina yakabaki. Niliona haya, lakini sikumwomba mtu radhi. Unanijua.

Baada ya hapo nikawa mkulima. Mimi! Vidudu vya kijivu vilijazana chini ya majani. Nikaviosha kwa maji ya sabuni kila asubuhi mpaka vikapungua. Upepo wa ziwani ukayalaza mashina. Nikayafunga kwenye fito kwa vipande vya vitambaa, na sasa bustani yako imevaa rangi za wateja wangu wote. Mama Riziki alipokuja aliingiza kidole kwenye udongo akatikisa kichwa. Ulikuwa laini mno, na samadi niliyokuwa nikimwaga kwa moyo mweupe ilikuwa inalisha majani tu. Nikaacha samadi. Nikaukanyaga udongo kwa viatu, kuzunguka kila shina, mpaka ukashikana. Muda si mrefu vifungo vikatokea, vidogo kama punje za mahindi. Vikabaki hivyo hivyo.

"Sasa kata kichwa cha kila shina," Mama Riziki akaniambia. "Nguvu yote inapandaka kule juu. Unangojea nini?"

Nilimwambia nitakata kesho. Nikamwambia hivyo kila alipopita.

Wewe nikuambie ukweli. Katika nyumba hii, kitu kilichotoka mkononi mwako na kilichokuwa bado kinakua ni hicho tu. Asubuhi nilikuta jani jipya juu kabisa, limekunjika, na nilijiambia Mama Furaha bado anaendelea. Nikikata, basi, hazipandi tena. Zitajaza vifungo vilivyopo na kazi yako itakuwa imekwisha. Ulinieleza mwenyewe kwamba kwa joto la hapa chini hazitoi maua wala mbegu.

Halafu asubuhi moja kabla ya shule nikaona kifungo cha chini kimeanza kufunguka, kama misimu yote. Furaha alikuwa amesimama nyuma yangu. "Papa, zitaharibika tena. Mama atakuwa alipanda bure." Nikaenda kuchukua mkasi wa kitambaa, ule niliokukataza hata kukatia kamba. Nilikata kichwa cha kwanza. Nilikata cha pili. Kisha nikakaa pale pale kwenye udongo nikalia kuliko nilivyolia makaburini. Furaha akauchukua mkasi mkononi mwangu, akamalizia mstari wote.

Zimefunga, Mama Furaha.

Si zote. Za juu ni laini na zilizokuwa zimeanza kufunguka hazikurudi. Lakini za katikati zimekaza, ukizibonyeza kwa kidole hazibonyei. Nilizigusa moja moja, na nilikuwa na hasira. Ungepaswa kuziona wewe. Miaka yote ile ulizisubiri wewe, zikaja kumfungia mtu ambaye hakuzitaka.

Leo, baada ya miezi hii ya kukuomboleza, tumemaliza matanga. Mama Riziki alizichemsha, akazikaanga na kitunguu katika mawese, tukazila na viazi. Ni chungu, mke wangu, sitakudanganya. Nilimaliza sahani yangu. Furaha aliongezewa, akaongezewa tena, na sufuria ilipobaki tupu, kila mmoja wetu watatu alielewa tumekula nini: kazi ya mwisho ya mkono wako.

Jioni hii nimeng'oa mashina. Mbegu zimebaki kidogo kwenye kopo, na mvua zikirudi nitazipanda. Hizo hazitakuwa zako. Zitakuwa zangu, nami sitajidanganya kwamba kuna mtu anayeendelea ndani yake. Nakuahidi vichwa vyake nitavikata kwa wakati wake, kwa mkono wangu mwenyewe, bila kumwachia mtoto kazi hiyo.

Lala, mama. Pumzika kabisa. Bustani nimeichukua.

Mume wako,
Papa Furaha