Asante kwa Kunishtaki

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mgongo sasa unakuruhusu kulala. Mafundi wenzako wa magodoro hawajambo? Sisi huku wazima. Mke wangu anakusalimu sana. Mtoto ameota jino la pili, na mpaka sasa analitumia kuning'ata mimi tu.

Naandika kwa sababu kila nikikuona naishia kukusalimu tu. Shangazi, nakushukuru kwa kunishtaki. Usicheke kwanza, soma.

Siku karani wa mahakama alipoingia saluni na ile hati ya wito, nilikuwa nimemnyoa mteja upande mmoja tu. Nikaona jina la chama chenu cha mafundi magodoro, na chini yake jina lako, mwenyekiti. Niliisoma huku mashine ikiendelea kunguruma kichwani mwake, mpaka mteja akasema ni afadhali aondoke na nusu kichwa kuliko kuacha sikio. Nilikukasirikia, sikufichi. Ulitulea mimi na kaka baba alipofariki, halafu leo unaniburuta mahakamani! Aliyeiba ni kaka, mweka hazina wenu, na aliyetoroka ni yeye. Mimi nilipewa pesa tu. Aliniambia ni marupurupu yake, nifungue saluni nijitegemee. Nikanunua viti vya kuzunguka, vioo na mashine za kunyolea, nikawa namwombea dua kila asubuhi. Kumbe zilikuwa akiba zenu za kununulia mashine ya kuchambua pamba.

Kwenye usuluhishi wakili wenu alieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto. Muuza mbao aliyemuuzia kaka mbao kwa bei halali, bila kujua pesa zimetoka wapi, mlimwacha, kwa kuwa naye alitoa mali yake. Lakini aliyepewa bure, hata kama hakujua, arudishe. Tangu siku hiyo ulikataa kuingia saluni. Ulisema huwezi kukalia jasho la wenzako.

Asubuhi ya kesi tulikutana kwenye korido ya mahakama, benchi lenyewe moja. Nikakupa mgongo. Ukaniuliza kama nimekula. Nikazidi kutazama ukuta, ukakata mkate wako nusu ukaniwekea mapajani. Kisha ukanigeuza, ukanifunga kifungo cha shingoni, ukasema hakimu asije akadhani sikulelewa. Tulipoitwa ndani, ukasimama ukamwambia hakimu kwamba pesa ni za watu wanaovuta vumbi la pamba kutwa, na kijana huyu arudishe zote. Hukunipunguzia hata senti. Lakini wakili alipotaka viti na mashine zangu zikamatwe, ni wewe uliyemzuia. Uliuliza, kinyozi asiye na mashine atalipa kwa kucha zake? Mwacheni anyoe, alipe kila mwezi. Wenzako walinung'unika, lakini wakakubali, na mpaka leo wananijia kunyolewa wakidai punguzo.

Sasa lipo jambo usilolijua. Kabla ya kesi, kaka alinipigia kwa namba ngeni. Aliniambia niseme kwamba nilimuuzia pikipiki, kwa hiyo pesa ile ilikuwa bei yake, nami nitaachwa kama muuza mbao. Shangazi, mimi sijawahi kumiliki hata baiskeli. Nikakubali. Jirani yangu fundi viatu, tunayemwita Soli, akakubali kuapa kwamba aliiona pikipiki hiyo kwa macho yake. Ndiye yule mtu mwenye koti kubwa kupita mabega aliyesimama mlangoni pa mahakama, ukamsalimu ukimwuliza kama naye ana kesi. Mkate wako ukiwa bado mdomoni mwangu, nilimfuata nikamwambia arudi nyumbani. Amenuna mpaka leo, maana koti lenyewe alikuwa ameliazima.

Ungekuja siku ile umenikunjia uso, ningeapa uongo, na nadhani ningeshinda. Saluni ingekuwa yangu bila deni. Ila nisingeweza tena kukaa benchi moja nawe. Hilo ndilo linalonitisha kila nikilikumbuka, na ndilo ninalokushukuru.

Kaka akipiga tena nitamwambia arudi. Nitamwambia kwamba shangazi atamkatia mkate nusu, kisha atamshtaki, na kwamba havimuui mtu.

Wasalimie mafundi wote, mmoja mmoja. Miezi yote hii umekuwa ukipokea malipo ukiwa umesimama pale nje kwenye ngazi, hata siku za mvua, na mimi nakushikia mwavuli. Jana nimepeleka malipo ya mwisho kwa wakili wenu. Kiti cha dirishani nimekifuta vizuri, na leo sijamkalisha mteja yeyote. Sasa ni changu kweli, Shangazi. Njoo uingie ndani ukae.

Mwanao mtiifu,
aliyekuwa mdaiwa wako