Kabla Luhende Hajaua

Jumatatu, 5 Julai 1982
Kliniki ya watoto. Foleni mpaka nje ya geti. Sabuni hakuna, tumenawa kwa majivu.

Wa mwisho alikuwa wifi yangu Minza, mke wa mdogo wangu Luhende, na mtoto wao Holo mgongoni. Amejifunga kitenge mpaka kidevuni na jua lote lile. Nikakivuta. Alama za vidole vinne shingoni. Akasema amejigonga kwenye mlango wa ghala. Miaka kumi na moja ya uuguzi, sijaona mlango wenye vidole. Nikamwambia hivyo.

"Alikuwa amelewa, wifi," akasema. "Asubuhi hakukumbuka chochote."

Mara ya pili tangu Luhende arudi kutoka machimboni Bugarama. Alikwenda kutafuta dhahabu, akarudi na gongo.

Sijala kwa hasira.

Jumanne, 6 Julai
Nimekwenda kwa mama. Nilidhani yeye angenielewa kuliko wote.

"Hajamvunja mfupa," akasema. "Ukilikuza hili utamfukuzia mwanangu mke."

Baba alimvunja taya mama nikiwa darasa la tatu. Mimi ndiye niliyemnywesha uji kwa kijiko, mwezi mzima. Nikamkumbusha. Akasema baba alikuwa mtu mzuri asipokunywa.

Nimeondoka bila kuaga. Namchukia baba hata kaburini kwake. Leo nimemchukia na mama, kidogo. Naandika hapa kwa sababu sina pengine pa kulisema.

Alhamisi, 8 Julai
Balozi wetu wa nyumba kumi. Nilimkuta anaziba pancha ya baiskeli. Alinisikiliza bila kuinua kichwa.

"Kuna damu, Nesi?"

Hakuna.

"Basi hayo ni ya chumbani. Ikitoka damu njoo, nitaandika."

Daftari lilikuwa mfukoni mwa shati lake. Hakuligusa. Luhende na yeye wanakunywa nyumba moja, kibuyu kimoja. Gongo imekatazwa na sheria, na balozi ndiye mteja.

Nimeshona wanawake wa kutosha waliosubiri damu. Mmoja, mwaka juzi, hatukumshona. Tulimfunika shuka. Mumewe naye alikuwa mdogo wa mtu. Dada wa mume yule alikuwa anasubiri nini?

Mimi sisubiri.

Jumamosi, 10 Julai
Nilimwendea Luhende asubuhi na mapema, kabla hajaonja kitu. Ameketi nje, mikono inatetemeka, hawezi kushika kikombe. Akanisalimu shikamoo kama mtoto mwema. Hilo liliniongezea hasira.

Nikamwambia nimeiona shingo ya Minza na alama zake.

"Si mimi, dada. Ni pombe."

"Unakunywa na balozi kila siku. Umewahi kumkaba balozi?"

Akasukuma kikombe pembeni.

"Mama je? Wale wachimbaji wenzako wenye sururu?"

Pombe yake inajua kuchagua. Inasubiri ifike nyumbani, imkute mtu asiyeweza kuirudishia.

Nikampa masharti. Yeye ndiye atakayetoka kwenye nyumba ile, si Minza. Atakuja kukaa kwangu, kwenye nyumba za zahanati, gongo imtoke mwilini. Akikataa, naandika kwa mkono wangu na kwenda polisi Shinyanga, mdogo wangu au si mdogo wangu. Nilimaanisha. Nadhani aliona.

Amekuja mchana na shati moja.

Jumatatu, 12 Julai
Anaumwa. Jasho, kutapika, kutetemeka mwili mzima. Daktari wetu wa zahanati amempa vidonge vya kumtuliza, akaniambia nisimwache peke yake. Aliyezoea kila siku akiacha ghafla anaweza kupata degedege. Basi ninambadilishia shuka mwanamume aliyemkaba mkewe. Nimemlisha uji. Kijiko baada ya kijiko nilikuwa nakasirika. Nani alimlisha Minza?

Mama amepita barabarani, hakuingia. Amewaambia watu nimemloga mwanawe.

Jumatano, 14 Julai
Amelala vizuri. Amekula ugali. Ameuliza habari za Holo. Hajauliza habari za Minza.

Nilimwambia aulize. Akauliza. Haitoshi.

Alhamisi, 15 Julai
Nilikuwa nadunga sindano, saa tisa mchana, jirani yake Minza akaja mbio. Luhende ametoroka. Amepitia kwenye gongo. Yuko mlangoni kwake, anapiga mateke.

Nilikimbia na koti la kazi. Minza alikuwa amejifungia ndani na mtoto, amesukuma kinu nyuma ya mlango. Wanaume watatu wamesimama kivulini wanatazama. Luhende anamwita kwa matusi. Nikamshika bega. Akageuka, mkono juu.

Nikampiga kofi. Kwa nguvu zangu zote. Akaanguka chini, akabaki amekaa.

Nilifurahi. Naandika hili kwa sababu ni kweli na linanitisha. Kiganja kilikuwa kinawaka na nilitaka kuongeza. Nilijua ni mkono wa nani ule: wa baba. Nikauweka mfukoni.

Na balozi? Alifika kabla jua halijazama. Daftari mkononi, kalamu tayari. Mwanamke amempiga mwanamume hadharani. Kwa kofi langu hakuuliza damu. Nimeitwa kikaoni Jumamosi.

Vizuri. Nitakwenda.

Jumamosi, 17 Julai
Kikao uani kwa balozi. Wazee sita, mama, majirani. Mjomba wetu ametoka Didia kwa baiskeli, mtu asiyekunywa, asiyesema sana. Minza alikuja. Sikumwomba aje.

Wakanisomea kosa. Nikasimama.

"Ni kweli nimempiga. Nilikosea. Luhende, nisamehe." Nikamgeukia balozi. "Daftari limefunguka. Andika na la kwake."

Akasema la kwake halijaletwa.

"Nalileta mimi," akasema Minza. Akafungua kitenge. Alama zimekuwa za kijani na njano. Hakulia. Akasema siku, akasema saa, akasema Holo alikuwa wapi. Akasema, "Mara ya pili niliona giza. Nikajua ya tatu sitaamka."

Mama akaanza: mwanangu amelewa tu, hata hakumbuki.

Luhende akasimama. Alikuwa hajanywa, amejikunyata.

"Nakumbuka, mayu," akamwambia mama. "Zote mbili. Nilisema sikumbuki kwa sababu mlikuwa mnakubali."

Mama alijifunika uso kwa khanga. Nilitaka kumhurumia, nikashindwa.

Balozi aliandika. Luhende atakaa Didia kwa mjomba, alime naye, asiguse gongo. Kila Jumapili ataletwa na mjomba, akae hapa mbele ya wazee, aseme wiki yake ilivyokwenda. Nyumba na mtoto vimebaki kwa Minza. Akikanyaga pale bila kuitwa, polisi. Balozi alipomaliza mjomba akamwambia taratibu, "Na wewe kibuyu kile acha, au nafasi hii waipe mwingine." Wazee wakacheka. Mimi sikucheka.

Bado nina hasira. Na wale watatu wa kivulini. Na kwamba ilibidi nipige ndipo waandike.

Jumapili, 22 Agosti
Ameletwa kwa mara ya tano. Mara moja alikiri amekunywa, wiki ya pili. Alilisema mwenyewe kabla ya kuulizwa. Amenenepa kidogo. Mikono imetulia.

Leo aliomba mbele ya wazee arudi nyumbani. Wote wakamtazama Minza. Alichukua muda wake.

"Hapana," akasema. "Mvua zikinyesha tutaona. Sasa hapana."

Niliona taya la Luhende likikakamaa. Nilishika kiti.

"Sawa," akasema. Akamsalimia Holo kwa mbali, akapanda nyuma ya baiskeli ya mjomba, wakaondoka.

Minza alipita kwangu. Hatukuongea mambo hayo. Tulichambua mchicha. Baadaye mama naye akaja, akaketi pembeni, akachukua fungu lake.