Michirizi Kwenye Nusu Dola

Ijumaa, Tawa

Nilimfokea mama mkwe. Mimi, mtu mzima, nikamfokea mamake mke wangu Mueni mbele ya watoto wangu.

Alikuja kututembelea kutoka Kilungu. Akaiona ile sarafu yangu ya kale, nusu dola ya Marekani ya madini ya fedha, niliyoitafuta kwa miaka. Ilikuwa nyeusi kwa uzee, basi akaisugua kwa majivu na ndimu, akidhani ananisaidia. Nilipoona michirizi juu yake nikasema ameiharibu.

"Mwanangu, majivu hayakwaruzi hivyo," alisema. Akachukua kiondo chake akaenda.

Jioni nimeiangalia kwa lensi. Michirizi inapita chini ya nyota za chapa ya sarafu, kwa hivyo ilikuwepo kabla nyota hazijapigwa. Ni tupa ya kiwanda cha sarafu! Zamani hizo, kipande cha fedha kikizidi uzito walikipunguza kwa tupa, ndipo wakakipiga chapa. Ule weusi, ambao sisi wakusanyaji wa sarafu tunauthamini, umepotea, na bado unaniuma. Lakini mama hakukwaruza chochote.

Mueni haniongeleshi.

Kesho nanunua mbuzi sokoni na kupanda naye Kilungu. Mama mkwe haombwi radhi kwa simu. Na nikifika, sitaanza na habari za tupa. Nitaanza na samahani.