Ndoo Isiyorejeshwa

Mchungaji,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Yako sina wa kumuuliza, basi naanza na habari: maji yametoka, na ni matamu. Nimeyanywa mwenyewe, nikangoja ile chumvi ije nyuma ya ulimi, haikuja. Nikanywa tena. Bi Mize alikuwa ubavuni kwangu ananitazama kama mpishi anayesubiri sifa za mgeni, na mimi nikachelewa kusema makusudi. Unanijua.

Nakuandikia nikiwa dikoni, hapa pwani kwenye mnada wa samaki, na wa leo wote wamekwisha pata wenyewe. Sauti imenikauka, ila si kwa samaki. Imenikauka jana, Jumapili, kanisani kwako. Mimi, Mwislamu mwana wa Mwislamu, mjukuu wa mchuma karafuu aliyetoka bara, nimekaukiwa sauti mlangoni kwa Walutheri, na mke wangu tangu jana ananicheka.

Unakumbuka ulivyonijia mara ya kwanza? Ulisimama nyuma ya wachuuzi ukinisikiliza ninavyonadi samaki, changu na tasi, ukangoja watu watawanyike. Ukasema, "Bwana dalali, kondoo wangu ni wachache na wote wana haya. Nina mnada, sina mnadi." Nikakuuliza kondoo wenyewe wangapi, ukatazama chini ukacheka. Askari wachache, nesi, mwalimu na watoto wao, hao ndio waliokuwa Walutheri wa mji wetu wa Mkoani, hapa kisiwani, na kila barua ya uhamisho ikifika mmoja hupanda boti akaenda zake. Ukanieleza kwamba kwenu Bukoba mtu huleta sadaka ya alichonacho, mayai, mihogo, kuku, na ibada ikisha vitu hivyo hunadiwa nje. Nikakwambia hapo umefika. Watu walikuja kwanza kunisikiliza mimi, halafu wakaanza kununua.

Lakini ile desturi yenu ya kurudisha hukunieleza, na hilo nitakudai siku ya Kiyama. Bi Mize, jirani wa kanisa, alileta mkungu wa ndizi. Si sadaka, alisema, ni ujirani tu. Nikaunadi, nesi akaununua, akalipa, akasema, "Narudisha mnadani." Nikaunadi tena, mwalimu akaununua, naye akarudisha. Ukaununua wewe mwenyewe, ukarudisha. Wewe na wenzako mnapiga makofi, na mimi namwona Bi Mize anajifunga kanga kiunoni.

"Miye ndizi zangu zina nini hata kila mtu azikatae? Kama hamzitaki, nambieni nikawape mbuzi."

Akajitwika mkungu wake akaondoka, na hakuna aliyethubutu kumzuia. Kwetu kitu kikirejeshwa kimekataliwa. Tena safari hii kimekataliwa na Mhaya, mtu aliyekulia migombani. Mji mzima ulijua kabla ya adhuhuri.

Jioni ulikwenda kwake. Mimi sikuwapo, ila Bi Mize amenisimulia mara nyingi hata najiona nilikuwapo. Ulikaa barazani, hukujitetea. Ulimwambia kwamba kwenu anayerudisha hakatai, anampa mwenziwe nafasi naye atoe, na kitu kizuri ndicho kinachorudishwa zaidi. Alikutazama sana. Akasema, "Basi semeni mapema, baba, watu wasitukanane." Akakupikia ndizi zile zile kwa nazi, ukala mpaka ukaomba kwa adabu uachwe upumue. Jumapili iliyofuata alirudi na mkungu mkubwa zaidi, akanionya nisithubutu kumwachia mnunuzi wa kwanza.

Mnada ule ndio uliotia mafuta kigari chako kilichokohoa, kilichowafikisha wazazi hospitali uchungu haujawashinda. Ndio ulioezeka darasa la watoto wadogo, na hukuuliza mtoto gani anasali wapi. Watu wa kijiji cha Kengeja wakaanza kushusha mihogo mlangoni kwako kabla ya kwenda sokoni. Wapo waliosema unataka kuwabatiza watu kwa mihogo. Shehe wetu akawajibu, "Tangu aje kambatiza nani zaidi ya watoto wake? Mwacheni afanye ujirani wake." Nilipokuletea maneno hayo ulicheka mpaka ukavua miwani.

Kisha ukaja na kisima. Kile cha bondeni kilikuwa kimeingiwa na bahari. Chai yetu ilikuwa na chumvi, sabuni haitoi povu, na wanawake wakapanda na kushuka vilima kutafuta ndoo moja ya maji ya kunywa. Bi Mize akatoa pahala ndani ya migomba yake, na wewe ukakunja suruali ukaingia shimoni na wachimbaji. Ulikuwa unatoka humo mwekundu kwa udongo unasema, "Bado kidogo, dalali." Ikawa bado kidogo, bado kidogo, mpaka asubuhi ile Mama Mchungaji alipokuamsha na hukuamka.

Nilikukasirikia, Mchungaji. Sijui kama marehemu hukasirikiwa, lakini mimi nilikukasirikia. Umetunadia kitu, umetutia hamu, halafu umeondoka.

Ndugu zako walitaka kukuchukua Bukoba. Mama Mchungaji akasema hapana, wewe mwenyewe ulisema utalala hapa. Tukapokezana jeneza, kofia zetu na makoti ya kwaya yenu pamoja, kila mmoja anataka bega lake lipate. Na ulipokwisha fukiwa, watu wetu kwa mazoea wakaleta ndoo wakamwagia kaburi maji, kama tunavyowafanyia wetu. Ndugu zako wakashangaa. Mama Mchungaji akasema waacheni. Tulipokuwa tunarudi Bi Mize alibaki nyuma ya watu wote, hata nikamngoja nikamuuliza ana nini.

"Mtu katuchimbia kisima," akasema, "na siye tumemmwagia maji ya chumvi."

Baada ya hapo mambo yakalegea. Nesi akahamishwa. Kanisa likafungwa, maana hapakuwa na wa kuongoza ibada. Sheha, mtu wa serikali mtaani petu, akasema shimo lifukiwe kabla mtoto hajatumbukia, na kwa kweli nani angembishia? Mimi mwenyewe nilishakata tamaa.

Jumapili moja nikaitwa kanisani. Nilimkuta Bi Mize kasimama mbele ya mlango wenye kufuli, mkungu miguuni pake.

"Dalali, nadi."

"Namnadia nani, Bi Mize? Mlango umefungwa."

"Kwani mnada ulikuwa ndani? Nje hapajafungwa."

Nikanadi. Mwanzo nilikuwa nawanadia kuku wa jirani. Halafu akaja mwalimu, akaja Shehe ametoka shambani, wakaja wachukuzi wa bandarini waliodhani pana ugomvi. Kila aliyenunua akasema, "Narejesha," mpaka ndizi zikaanza kuiva mikononi mwetu. Wiki ya pili watu walikuwa wananingoja. Sheha akaacha kutaja kufukia, na wachimbaji wakarudi shimoni. Walikutana na jiwe, tukadhani basi. Walipolivunja, mmoja akapiga kelele kutoka chini kwamba miguu yake imelowa.

Sasa sikiliza ya jana. Mwinjilisti mpya ameshafika, kijana mpole, anajifunza kula pweza. Ibada ilipokwisha tukaleta ndoo ya kwanza, imejaa mpaka mdomoni, nikaipandisha mnadani. Sijapata kunadi vile maishani mwangu. Askari akainunua, akarejesha. Shehe akainunua, akarejesha. Watu wa Kengeja wakachangishana wakainunua, wakarejesha. Sheha naye, bila kutazama mtu usoni. Mama Mchungaji akainunua huku analia na kucheka, akarejesha. Hata mimi nilijinadia mwenyewe nikanunua, dalali gani afanyaye hivyo, nikarejesha.

Kisha Bi Mize akanyoosha mkono. Alitaja migomba yake yote ya upande wa kisima, mavuno ya msimu mzima. Hakuna aliyempandia bei. Tukangoja aseme neno ambalo sote tumelizoea.

"Hii sirejeshi," akasema.

Akazungusha kanga akaiweka kichwani, akajitwika ndoo, na watu wakampisha. Alikwenda mpaka kwenye kaburi lako akaanza kumwaga taratibu, kuanzia kichwani kushuka miguuni, hakubakisha hata tone. Akasema, "Ile ya siku ile tusamehe, baba. Yako ndiyo hii." Hapo Mama Mchungaji akapiga kigelegele, na wanawake wote wakampokea, wa kwenu na wa kwetu, hadi bandarini wakauliza arusi ya nani.

Lala salama, jirani yangu. Mimi nitanadi kila Jumapili maadamu koo lipo, na nikishindwa nitamfundisha mwinjilisti, ingawa sauti yake bado ni ya kuomba chumvi kwa jirani. Na kaburi lako halitaonja maji ya bahari tena. Hilo nimemwahidi Bi Mize, na unajua yule mama hakubali kurejeshewa kitu.

Ni mimi,
dalali wako wa Mkoani