Upepo kwenye breki za lori la Firmin

Duni, leo nimeaibika hapa gereji Jeppestown. Ole wako umwambie mtu.

Unalijua lile lori kuukuu la Firmin, yule Mkongo. Siku ya tatu natoa upepo kwenye breki, na pedali bado inazama kama godoro. Nikamwambia Firmin kwamba masta silinda, ile pampu ya breki aliyoninunulia, ni feki. Akaenda Malvern kumgombeza muuza spea.

Nikamwomba Zabibu, fundi cherehani wa jirani, anikanyagie pedali. Alikanyaga mpaka akachoka, akashuka, akachungulia nyuma ya gurudumu.

“Kaka Selemani, upepo si hukimbilia juu?”
“Ndiyo.”
“Sasa mbona kitundu cha kuutolea umekiweka chini?”

Chini, Duni! Silinda za magurudumu ya mbele nilizifunga kinyume, ya kulia kushoto, ya kushoto kulia. Miaka kumi na tano ya ufundi.

Nikazibadilisha, nikatoa upepo tena, pedali ikawa ngumu kama jiwe.

Mara Firmin huyo, kaja na muuza spea mwenyewe. Zabibu akasema, “Kaka, waeleze.” Nikaeleza, macho chini.

Firmin akampa Zabibu mkono. “Aksanti sana, fundi.”

Mimi kanipa mkoba wake nimshikie.